Usukani ni wa Brayo, jina ni la Shiko: Ndege ikiingia noma, nani anabeba mzigo?

UNAJUA ile stori ya dere wa skwodi. Dere mwenyewe ameshuka stejini kula, gari amemwachia msee mwingine apige raundi moja. Mbele kidogo, trafiki anasimamisha. Wa skwodi ndiye ameshika usukani, lakini aliyekabidhiwa gari asubuhi yuko kibandani anamalizia chapo madondo. Hapo kila mtu anaanza kumwangalia mwenzake, na konda ghafla hajui Kiswahili.

Sasa ebu chukua stori hiyo uipandishe futi elfu sita juu, ndani ya wingu zito, kwa ndege ndogo ya viti vinne. Ndani wamo marafiki wawili, wote wana leseni za urubani. Mmoja ndiye ameshika usukani. Mwingine ndiye jina lake liliandikwa kwenye mpango wa safari uliotumwa kwa waongozaji wa ndege. Kukitokea kosa, sheria inamtafuta nani?

Nitakujibu kwa kutumia sheria za Marekani. Kule marubani wa ndege ndogo za kibinafsi ni wengi mno, kwa hivyo swali hili wameligombania hadi likachoka. Tena kuna vijana wa huku wanaovuka bahari kwenda kusomea urubani na kusaka saa za kuruka, na swali hili huwapata wakiwa na haraka. Kenya nitaifikia kabla hatujaachana. Mimi si rubani wala wakili, na chuo niliacha njiani, lakini kanuni za FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ziko wazi kwa yeyote mwenye bando na subira. Nimezisoma ili wewe usipate kisingizio.

Macho au vyombo

Kisheria kuna njia mbili za kuendesha ndege. Ya kwanza ni kuruka kwa macho. Anga ni safi, unaona mahali ardhi inapokutana na mbingu, unaona mlima, unaona ndege nyingine na unaikwepa mwenyewe. Ya pili ni kuruka kwa vyombo. Hapa unaweza kuwa ndani ya wingu jeupe pepepe, huoni hata ncha ya bawa. Unaamini mita na skrini zilizo mbele yako, na waongozaji walio chini wanakutenganisha na ndege nyingine kwa redio na rada.

Kwa nini hii ya pili inahitaji kibali chake cha ziada? Kwa sababu mwili wa binadamu ni muongo. Ukikosa kuona nje, sikio lako la ndani linaweza kukuambia unapanda kumbe unashuka, uko sawa kumbe umelala upande. Marekani hawakupi kibali cha vyombo mpaka uwe umepiga angalau saa 40 za kuruka kwa vyombo, za kweli au za kuigiza, pamoja na saa 50 za safari za mbali ukiwa rubani mkuu, kisha ufanye mtihani.

Mfano unaujua. Jumapili ya Januari 26, 2020, helikopta iliyombeba Kobe Bryant, bintiye Gianna wa miaka 13 na watu wengine sita ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, California. Pamoja na rubani, waliokufa walikuwa tisa. Siku hiyo kulikuwa na ukungu. Watu wengi hawajui kwamba yule rubani alikuwa na kibali cha vyombo. Kampuni yake ndiyo haikuwa na ruhusa ya kubeba abiria kwa vyombo. Iliruhusiwa kuruka kwa macho pekee. Kwa hivyo hakuwa na njia halali ya kutuma mpango wa kuruka kwa vyombo na abiria wale. Alipoingia kwenye wingu, aliwaambia waongozaji kwamba anapanda hadi futi 4,000. Helikopta wakati huo ilikuwa inapinda kushoto na kushuka.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uamuzi wake 2021: chanzo kilikuwa uamuzi wa rubani wa kuendelea kuruka kwa macho mahali ambapo macho hayafanyi kazi, hadi akapoteza mwelekeo. Kampuni nayo ilitajwa kwa usimamizi hafifu. Na bodi haikupata ushahidi kwamba mteja au kampuni ilimsukuma aruke. Mteja alikuwa staa wa dunia, lakini aliyekuwa na neno la mwisho ndani ya helikopta ile alikuwa mmoja tu, na hakuwa Kobe.

Ile fomu ni ya nini?

Mpango wa safari ni fomu. Siku hizi watu huijaza kwenye simu na kuituma kabla ya kuwasha injini. Unaandika namba ya ndege, aina yake, unakotoka, unakoenda, njia, mwendo, kimo na muda. Kuna kisanduku cha sheria utakazofuata: herufi I ni kwa vyombo, V ni kwa macho, Y ni kuanza kwa vyombo na kumalizia kwa macho, na Z ni kinyume cha hiyo. Mwishoni mwa fomu ya kimataifa, kwenye kisanduku cha 19, unaandika mafuta yatadumu saa ngapi, watu wangapi wamo, rangi ya ndege, na jina la rubani mkuu. Sehemu hiyo iko hapo ili ndege ikipotea, watafutaji wajue wanamtafuta nani.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu ndipo wengi hujikwaa. Kutuma fomu peke yake hakukupi haki ya kuingia kwenye wingu. Katika anga inayosimamiwa na waongozaji, sheria ya Marekani inataka vitu viwili: uwe umetuma mpango, na uwe umepewa idhini na waongozaji. Mpango ni barua ya maombi, idhini ndiyo barua ya kazi. Na kama ujuavyo, kuandika barua ya maombi kunaweza kufanywa na mtu yeyote wa cyber.

Ndio maana "nani alituma?" si swali zuri. Kwenye mashirika makubwa ya ndege rubani kwa kawaida hatumi mpango mwenyewe. Kuna ofisa wa chini anayepanga njia, mafuta na hali ya hewa. Kwa mashirika ya abiria ya Marekani, sheria inasema ofisa huyo na rubani mkuu wanabeba pamoja jukumu la kupanga safari, kuichelewesha na kuiruhusu iondoke. Hata hivyo, ndege ikishang'oa magurudumu, neno la mwisho ni la rubani mkuu.

Kwa ndege ndogo ya kukodi, hakuna ofisa wa chini. Kuna wewe, rafiki yako na simu.

Brayo na Shiko

Tuseme Brayo na Shiko ni vijana wa Nairobi wanaosoma urubani Florida. Hawa nimewatunga, usiwatafute Instagram. Brayo ana leseni ya rubani wa kibinafsi, lakini hana kibali cha vyombo. Shiko anacho. Wamekodi Cessna 172 waende mji mwingine, na asubuhi hiyo mawingu yamelala chini kama blanketi.

"Shiko, weka tu jina lako kwenye mpango," Brayo anasema. "Kuendesha nitaendesha mimi. Wewe keti hapo uangalie mandhari."

Inaonekana kama jambo dogo, sivyo? Marafiki wanasaidiana. Lakini angalia sheria inavyomtambua rubani mkuu. Inataka vitu vitatu kwa pamoja. Kwanza, awe ndiye mwenye mamlaka ya mwisho na jukumu la uendeshaji na usalama wa safari. Pili, awe ameteuliwa kuwa rubani mkuu kabla ya safari au safari ikiendelea. Tatu, awe na leseni inayofaa ndege hiyo. Hakuna mahali inaposema "awe ndiye ameshika usukani."

Kanuni nyingine, fupi kuliko tweet, inasema rubani mkuu anawajibika moja kwa moja kwa uendeshaji wa ndege na ndiye mwenye neno la mwisho. Na nyingine tena inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa rubani mkuu kwenye safari ya vyombo bila kibali cha vyombo. Ziweke kanuni hizo tatu pamoja na jibu linajileta lenyewe. Katika ile Cessna, mtu pekee anayeweza kuwa rubani mkuu ndani ya wingu lile ni Shiko. Akikubali jina lake liandikwe, amekubali kazi yote, mandhari au bila mandhari.

Na kazi yenyewe si ya kukaa tu. Kabla ya kuondoka, rubani mkuu anatakiwa azijue habari zote za safari hiyo zinazopatikana: hali ya hewa, mafuta, urefu wa njia za kurukia, ucheleweshaji uliotangazwa, na pa kukimbilia mambo yakigeuka. Kwa vyombo, mafuta lazima yatoshe kufika, kisha kwenda uwanja wa akiba kama unahitajika, kisha kuruka dakika nyingine 45. Na uwanja wa akiba unahitajika kama utabiri, kuanzia saa moja kabla ya kufika hadi saa moja baadaye, unaonyesha mawingu yakiwa chini ya futi 2,000 au uwezo wa kuona ukiwa chini ya maili tatu. Brayo akipiga hesabu hiyo vibaya, hiyo hesabu ni ya Shiko.

Sasa tuseme Brayo amepewa kimo cha futi 5,000 naye anapitiliza hadi 5,600, karibu na ndege nyingine. FAA ikianza kuuliza, barua ya kwanza inaenda kwa rubani mkuu. Shiko akisema "lakini mimi sikugusa usukani," atakuwa amesema ukweli, na ukweli huo hautamsaidia. Mamlaka inaweza kuisimamisha leseni yake kwa muda au kuifuta kabisa. Na kama kuna ajali, bima nayo itataka kujua rubani mkuu alikuwa nani na alistahili kuwa pale.

Je, jina kwenye fomu ndilo linaloamua kila kitu? Hapana. Jina ni ushahidi, si hukumu. Wachunguzi watauliza pia mlikubaliana nini, nani alikuwa na vibali, nani alikodi ndege, nani alipanga safari, nani alikuwa akitoa maamuzi. Kama ni safari ya mafunzo na kuna mwalimu ndani, kwa kawaida mwalimu ndiye anayetazamwa kama rubani mkuu hata kama mwanafunzi ndiye alikuwa akiendesha. Brayo naye hajakingwa. Angeandika jina lake mwenyewe, akaichukua idhini na kuingia kwenye wingu akijiita mkuu, angekuwa amevunja sheria kabla ya tone la kwanza la mvua kugonga kioo.

Saa ni za Brayo, lawama ni za Shiko

Huenda unajiuliza kwa nini mtu akubali biashara kama hii. Jibu ni saa.

Rubani mchanga huishi kwa kuhesabu saa. Huko Marekani, tangu 2013, mtu akitaka kuwa rubani msaidizi kwenye shirika la ndege za abiria, kwa kawaida anahitaji saa 1,500. Kila saa ni mafuta, kukodi ndege na karo. Kwa hivyo vijana hugawana ndege na gharama, kila mmoja akijaza kitabu chake cha saa. Ni kama kuchangia Uber, ila mkifika kila mmoja anataka risiti.

Hapa sheria ina kona moja ya ajabu. Kuwa rubani mkuu na kuandika saa za rubani mkuu ni mambo mawili tofauti. Kanuni ya kuandika saa inamruhusu mtu ambaye peke yake ndiye ameshika usukani wa ndege aliyo na leseni nayo aandike muda huo kama wa rubani mkuu. Brayo ana leseni ya Cessna ya injini moja. Ameshika usukani safari nzima. Kwa hivyo anaandika saa zake zote, hata za ndani ya wingu.

Na Shiko? Ndege ile inahitaji rubani mmoja tu, naye hakuwa ameshika usukani. Saa za rubani mkuu anazoandika kwa safari hiyo ni sifuri.

Rudia kusoma hapo. Anayebeba jukumu lote la kisheria anaweza kutoka bila hata dakika moja kitabuni, na asiyekuwa na mamlaka anatoka na saa mbili safi. Ukiona kitabu cha mtu kimejaa, usidhani kila saa iliyo mle aliibeba yeye. Na mtu akikuambia "nitaandika saa, kwa hivyo mimi ndiye mkuu," amechanganya daftari na mamlaka.

Jua kali nalo lina mtego

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata walio makini, kwa sababu unakuja siku ambayo hakuna wingu hata moja.

Brayo anataka kufanya mazoezi ya vyombo. Anavaa kile kifaa cha kuziba macho kinachomfanya aone mita tu, asione nje. Sheria inataka kiti cha pili kiwe na rubani mwenye leseni wa kumwangalilia nje. Wakiruka kwa macho, yeyote kati yao anaweza kuwa rubani mkuu, mradi wamekubaliana na ana sifa. Na kwa kuwa sasa sheria inahitaji marubani wawili, huyo wa kuangalia nje akikubali kuwa mkuu, naye anaandika saa zake. Hapa angalau Shiko anakula.

Lakini wakiamua kufanya mazoezi hayo wakiwa wametuma mpango wa vyombo, hata jua likiwaka vipi, safari ile ni ya vyombo kisheria. Sheria haiangalii dirishani. Rubani mkuu lazima awe na kibali cha vyombo.

Tena kibali peke yake hakitoshi, lazima kiwe hai. Ndani ya miezi sita iliyopita, Shiko anatakiwa awe amefanya angalau mikabala sita ya kutua kwa vyombo, amezunguka kwenye kituo cha kusubiri, na amefuata njia kwa kutumia vyombo. Kama amekaa muda bila mazoezi, kibali chake kipo kwenye kadi lakini hakiwezi kumpeleka kwenye wingu akiwa mkuu. Mambo yakizidi miezi sita mingine, lazima apimwe upya na mtu aliyeidhinishwa. Kwa hivyo yule anayesema "Shiko ana kibali, tuko sawa" amesoma kadi tu.

Kuna pia njia ya kubadilishana, na ni halali. Kumbuka sheria ilisema rubani mkuu anaweza kuteuliwa safari ikiendelea. Wakitoka kwenye mawingu na anga iwe safi, Shiko anaweza kuwaambia waongozaji kwamba anafunga mpango wa vyombo, kisha amwambie Brayo kwamba kuanzia sasa yeye ndiye mkuu. Brayo akikubali, mzigo umehama. Lazima usemwe na ukubaliwe. Hauhami wenyewe kwa sababu mmoja amechoka au ameanza kutafuna mahindi.

Nani anaendesha?

Usichukulie haya kama mambo ya makaratasi. Wengi wenu mlikuwa watoto Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways nambari 507 ilipoanguka baada ya kupaa kutoka Douala, Cameroon, usiku wa mvua, ikielekea Nairobi. Watu wote 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi inaeleza kwamba ndege ilianza kuinamia kulia polepole gizani. Kapteni alitamka neno la kuwasha otopailoti. Otopailoti haikuwaka, na hakuna aliyethibitisha. Kwa sekunde nyingi hakuna aliyekuwa akiiendesha, na hakuna aliyeangalia mita. Ving'ora vilipolia, ilikuwa imeinama sana na mwelekeo umepotea. Ripoti ilitaja pia uratibu mbaya kati ya marubani hao wawili.

Pale hakukuwa na shaka ya kisheria kuhusu rubani mkuu. Alikuwa kapteni. Kilichokosekana ni lile swali la pili: kwa sekunde hii, ndege iko mikononi mwa nani?

Sasa linganisha na Januari 15, 2009, New York. Ile stori ya ndege iliyotua mtoni, iliyotengenezewa filamu na Tom Hanks akacheza. Ndege ilipopaa, aliyekuwa akiiendesha ni rubani msaidizi, Jeff Skiles. Kapteni Chesley Sullenberger alikuwa rubani mkuu tangu mwanzo ingawa hakuwa ameshika usukani. Ndege wa porini walipoua injini zote mbili, Sullenberger alitamka kwamba ndege sasa ni yake, na Skiles akajibu kukubali. Maneno mawili matatu, basi. Baada ya hapo mmoja akaendesha na mwingine akafuata orodha ya dharura. Wote 155 walitoka hai.

Unaona tofauti? Kuna mzigo wa kisheria, ambao unakaa kwa mtu mmoja. Na kuna usukani, ambao unaweza kupokezanwa. Vyote viwili vinahitaji kutamkwa.

Na waongozaji je? Wao wana jukumu lao la kutenganisha ndege, na idhini yao si ya kuchezea. Ukishaikubali, huruhusiwi kuiacha bila idhini mpya, isipokuwa kwa dharura au mtambo wa kuzuia kugongana ukikuamuru. Lakini kabla ya kuikubali, rubani mkuu ana haki ya kusema "siwezi." Na kwenye dharura anaweza kuvunja kanuni kwa kiwango dharura inachohitaji, kisha akaandika maelezo akiulizwa. Hiyo ndiyo maana ya neno la mwisho. Unapewa uwezo mkubwa kwa sababu lawama pia ni kubwa.

Na huku kwetu?

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio uliozaa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na Kenya ni mwanachama. Kanuni za anga za ICAO zinasema wazi kwamba rubani mkuu, awe ameshika usukani au hajaushika, ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha ndege inafuata sheria, na anaweza kuziacha tu pale usalama unapolazimisha. Nchi wanachama hujenga kanuni zao juu ya msingi huo, na kwetu anayezisimamia ni Halmashauri ya Safari za Ndege, KCAA. Masharti ya kuandika saa na idadi za mazoezi zinaweza kutofautiana nchi hadi nchi, kwa hivyo ukisomea Wilson usibebe hesabu za Florida. Muombe mwalimu wako akufungulie kanuni za hapa. Lakini msingi haubadiliki ukivuka bahari.

Najua wengi wenu hamtawahi kurusha ndege. Lakini umewahi kuombwa jina, sivyo? Kuwa mdhamini wa mkopo. Laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho chako. "Weka tu jina, mambo mengine nitafanya mimi." Ni ile ile sauti ya Brayo. Brayo si mtu mbaya. Ana haraka tu, na haraka yake imepata jina lako.

Kwa hivyo kama wewe ni Shiko, au utakuwa Shiko siku moja, muulize Brayo haya injini ikiwa bado imezimwa. Nani ni rubani mkuu leo, kwa maneno, mbele ya wote walio ndani? Kibali changu cha vyombo kiko hai hadi leo? Hesabu ya mafuta na hali ya hewa nimeiona kwa macho yangu au nimeambiwa? Nikisema nachukua usukani, utauachia bila mjadala? Tukitoka kwenye wingu, mkuu anabadilika au habadiliki?

Kama jibu la lolote kati ya hayo ni "tutaona tukifika juu," ondoa jina lako kwenye ile fomu. Mawingu ya asubuhi huinuka. Nendeni mkanywe chai myasubiri.